Kabla ya Kiboko, Muulizeni

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Na ninyi watoto mliorundikwa kule nyuma kana kwamba kikao hiki hakiwahusu, hamjambo?

Madawati na vyoo wenzangu wameshavisemea. Mimi narudi kwenye lile lile langu, na wanaonijua wameshaanza kuguna: tunamchapa mtoto kabla hatujamuuliza.

Kuna shule moja ufukweni, sitaitaja. Mvulana wa darasa la tano alikuwa hakosi viboko kwa kuchelewa usafi wa asubuhi. Akichapwa, anawahi siku kadhaa, kisha anachelewa tena. Wakamwita mkaidi. Niliomba daftari la mahudhurio nikaliweka kando ya kalenda ya mwandamo wa mwezi. Ninyi watu wa Igombe na Kayenze, wavuvi wa hapa Mwanza, mmeshaelewa: alikuwa anachelewa siku za giza! Giza ndipo taa zinapovuta dagaa, mitumbwi inarudi alfajiri, na mama yake kazi yake ni kuanika. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika na mtoto anawahi. Nilipokaa naye akanitajia bei ya ndoo ya dagaa na siku za giza zilizobaki, halafu akapendekeza mwenyewe: zamu yake ya kufagia ihamie mchana, maana kipindi cha kwanza alikuwa anakikuta kila siku. Watu wazima wote wa shule ile hawakuwa wamelifikiria hilo.

Najua kuna anayesema moyoni, "Huyu anatetea ajira za watoto." Sitetei! Kazi ile ijadiliwe, tena ijadiliwe na mama na mtoto wote wawili wakiwepo. Kiboko hakikumpunguzia hata ndoo moja. Na wewe wa samaki mkunje angali mbichi, methali hiyo hata mimi nimelelewa nayo. Mtoto anayeamka usiku kumsaidia mama yake, unataka kumkunja mara ngapi?

Tena sheria yenyewe hatuifuati. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002, za hapa Tanzania, zinasema viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kuchelewa kufagia ni kosa kubwa? Mzazi gani hapa amewahi kukiona kitabu hicho? Na mimi hata hivyo vinne sivitaki. Ziwa letu, Victoria, ni moja na la majirani. Katiba ya Kenya ya 2010 imekataza adhabu ya viboko, Uganda imeikataza shuleni tangu 2016. Mtoto wa Kisumu na wa Entebbe wanalindwa na sheria; wa Kirumba, hapa Mwanza, bado anakinga mkono.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mabaraza ya watoto, yanayoitwa kuimba mgeni akija na kusahaulika bajeti ikipangwa, nayaruka. Sheria ya Ndoa ya 1971, na umri wa binti kuolewa, inahitaji siku yake. Lakini kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 siondoki bila kukitaja: mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Ni sheria ya nchi, si hisani yangu wala yako.

Kikao kijacho cha kamati ya shule, ombeni kitabu cha adhabu kisomwe mbele ya wazazi, na wanafunzi wapewe viti na nafasi ya kusema. Maswali sasa. Tuanze na wale wa nyuma. Baba, mpishe huyo binti apite aje kwenye kipaza sauti.