Kungojea Sebene

Hamjambo nyote. Wale wa huko nyuma mnanisikia? Hii maiki inakwaruza lakini nikiwa fundi wa redio siwezi kuilalamikia mbele za watu, mtaniuliza basi mbona hujaitengeneza.

Nimeambiwa niongee juu ya muziki na stresi. Mimi si daktari, mimi nimechomelea waya za redio pale River Road, Nairobi, karibu miaka arobaini, na kutoa kanda zilizoliwa na mashine, kwa hivyo nitaongea vile naelewa. Hii holi yetu ya Kaloleni wazee walikuwa wanaiita House of Commons juu wanasiasa wa kabla ya uhuru walikuwa wanakutania hapa, lakini nyumbani kwetu siasa haikuwa inapewa nafasi kama muziki.

Baba alikuwa wa reli. Akitoka kazi anaketi, anawasha redio, na hapo hakuna mtu anamsemesha. Betri zikikaribia kufa tunazianika juani, zinapata nguvu kidogo, ya kutosha salamu na nyimbo tatu nne. Kanda tulikuwa tunairudisha nyuma na kalamu ya Bic, unaizungusha mpaka mkono unauma, ili betri zisiishe bure. Sasa sisi watoto tulijifunza kitu: ukitaka pesa ya daftari usimwombe baba akiingia, na usimwombe wimbo ukianza, ngoja sebene ifike. Mguu wake ukianza kugonga sakafu, hapo sasa unasogea pole pole unasema, baba, mwalimu amesema...

(Mnacheka, kumbe hata kwenu ilikuwa hivyo.)

Vijana, sebene ni ile sehemu ya rumba waimbaji wanaachia magitaa. Kwanza wimbo unaenda taratibu, mtu analia mambo yake ya mapenzi, halafu gitaa linabadilika na watu wote wanasimama. Bendi ya Virunga ya Samba Mapangala walikuwa wanajua kukungojesha hapo. Na Les Wanyika, hao waliojitenga na Simba Wanyika mwaka wa 1978, besi ya Tom Malanga inatembea tu chini, haina haraka, mimi nikiwa na deni la kodi besi hiyo ndiyo inanishusha mabega.

Sasa miaka mingi baadaye nikasoma kitu nikasema, ala, si hii ndio stori ya baba. Mwaka wa 2011 watafiti wa chuo cha McGill kule Montreal waliwapima watu ubongo wakisikiliza nyimbo wanazozipenda wenyewe, wakapata kwamba mwili ukisisimka, zile nywele za mkono zikisimama, ubongo unatoa dopamini, ile kemikali ya raha, lakini sehemu nyingine ya ubongo huwa imeshaanza kuitoa kabla, wakati mtu anangoja tu ile sehemu tamu ifike. Kungoja kwenyewe ni raha! Na huwezi kungojea sebene usiyoijua. Ndio maana mtu akikutumia nyimbo za kutuliza akili, sijui filimbi na mvua inanyesha, wewe unasikia tu mvua na kuwaza kama umeanua nguo. Wimbo umekaa nao miaka thelathini unajua kila kona yake, na siku mambo yamekuharibikia, hiyo ndiyo kitu pekee siku hiyo unajua itaendaje.

Kuimba nako kuna kazi yake. Ukiimba unavuta pumzi haraka halafu unaitoa pole pole mpaka mstari uishe, na moyo huwa unapunguza mwendo mtu akitoa pumzi. Kwa hivyo mama anayeimba akifua amejipa dawa na hajui.

Wacha niwaambie ya mama yangu halafu niwaache. Mwaka wa 2019 alipata stroki, upande wa kulia ukalegea na maneno yakapotea. Anakuangalia, anajua anachotaka, lakini kinachotoka ni "ile, ile, ile", halafu anapiga kitanda kwa hasira. Ukitaka kujua stresi ni nini, kaa na mtu mzima anayekosa neno la kuomba maji. Siku moja shangazi alikuja kutusaidia vyombo, akawa anaimba utenzi wa kanisani huku jikoni, na tukasikia sauti ya pili kutoka chumbani. Maneno yote, ubeti mzima, hata ile sehemu ya alto aliyokuwa akiimba kwaya. Mimi nilisimama na sufuria mkononi nikashindwa niende au nibaki.

Nikauliza, nikaambiwa si muujiza. Maneno ya kuongea kwa watu wengi yako upande wa kushoto wa ubongo, kuimba kunatumia pia wa kulia, na madaktari wa Boston tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakifundisha wagonjwa kama hao kusema kwa kuimba. Basi tukachukua tuni ya ule utenzi tukaweka "nataka chai" ndani yake, tunamgongea mkono wa kushoto polepole kwa kila silabi. Ilichukua wiki nyingi. Sitawadanganya, hajarudi kuongea kama zamani. Lakini chai anaomba, kwa sauti ya alto, na ikiwa baridi anaimba tena kwa nguvu.

Kuhusu matatu nimeulizwa hapo mlangoni. Ile sauti ya nganya, hizo matatu za kupambwa na muziki mkubwa, inayotikisa meno si tiba, jamani. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ikiwa na ukubwa wa desibeli 80, mwisho uisikilize saa 40 kwa wiki, na mimi nimefunga hizo spika, najua zinapita hapo bila kutoa jasho. Kondakta mwambie apunguze, hata kama atakutusi.

Haya, kijana wa spika, hiyo kanda nimekuletea imerudishwa mwanzo? Weka. Na nyinyi msianze kuulizana chai iko wapi, ngojeni kwanza hapo katikati gitaa likibadilika.