Ramani ya jeni za soya: inapofaa na inapopotosha

Mabibi na mabwana, soya ni zao linalomsumbua mtu anayetaka kulichanganya. Ua lake hujichavusha kabla halijafunguka vizuri, na chavua ya mmea wa jirani kwa kawaida haichangii hata asilimia 1 ya mbegu. Kwa hiyo mchanganyaji hulifungua tumba kwa kibano, huondoa mifuko ya chavua ikiwa bado mibichi, kisha hupaka chavua ya mmea mwingine. Ganda likishika, hutoa mbegu 1 hadi 3 tu. Mbegu zilizopatikana kwa taabu hiyo hazistahili kukuzwa misimu mitatu ndipo ugundulike upungufu wake.

Anza kwa kuhakikisha kwamba umechanganya kweli. Chagua mama mwenye maua meupe na baba mwenye maua ya zambarau, kwa kuwa zambarau hutawala. Miche ya F1 (kizazi cha kwanza cha mchanganyiko) ikichomoza, tazama shina chini ya kotiledoni, yale majani mawili manene yanayotoka ndani ya mbegu: lenye rangi ya zambarau ni chotara, la kijani limejichavusha. Ng'oa la kijani siku hiyohiyo.

Sasa ramani yenyewe, yaani mchoro wa mahali jeni zilipo kwenye kromosomu. Soya ina jozi 20 za kromosomu. Mfuatano wa DNA wa aina iitwayo Williams 82 ulichapishwa mwaka 2010, ukakadiria jeni 46,430, nyingi zikiwa na nakala pacha kwa sababu jenomu ya soya (DNA yake yote) ilijirudufu zaidi ya mara moja zamani sana. Asilimia 78 ya jeni hizo ziko kuelekea ncha za kromosomu, na karibu ubadilishanaji wote wa vipande kati ya kromosomu za baba na mama hutokea hukohuko. Jeni iliyo katikati hutoka na majirani zake wote, wazuri kwa wabaya, na kumwondoa jirani mbaya huhitaji maelfu ya mimea.

Kuchora ramani huanza na wazazi wawili wanaotofautiana katika sifa inayotafutwa. Kila mmea wa F2 (kizazi cha pili, watoto wa F1 aliyejichavusha) huendelezwa kwa mbegu moja kila kizazi hadi F6, ambapo sehemu zenye aleli (matoleo ya jeni) mbili tofauti hubaki takribani asilimia 3. Hapo laini, yaani ukoo wa mmea mmoja, imetulia, na unaweza kuipanda sehemu nyingi, miaka mingi, ukiwa na hakika kwamba unapima kitu kilekile. DNA ya kila laini husomwa kwa alama elfu kadhaa, yaani sehemu za DNA ambapo wazazi wanatofautiana, kisha programu huuliza, alama moja baada ya nyingine, kama wenye aleli hii wanatofautiana na wenye ile. Kipimo cha LOD, kinachoonyesha nguvu ya ushahidi, kikifika 3, matokeo uliyoyaona yana uwezekano mara 1,000 zaidi kama uhusiano upo kuliko kama haupo.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Ukitumia laini 100 tu, athari ya jeni huonekana kubwa kuliko ilivyo, maana katika kundi dogo hupita zile tu zilizobahatika kuonekana kubwa. Kosa la pili, ambalo mimi naliona baya zaidi, ni kusahau muda wa kukomaa. Jeni E1, E2, E3 na E4 huamua mmea utachanua lini kulingana na urefu wa siku. Wazazi wakitofautiana katika mojawapo, laini zinazochelewa hukaa shambani muda mrefu zaidi na mara nyingi huzaa zaidi. Programu itakuonyesha kilele kizuri cha “mavuno”, kumbe ni saa ya mmea tu. Ingiza siku za kukomaa katika hesabu, au linganisha laini zinazokomaa pamoja.

Tuchukue nematodi wa soya, Heterodera glycines, mnyoo mdogo anayeshambulia mizizi. Kinga kuu iko kwenye eneo la DNA liitwalo Rhg1, kromosomu 18. Mmea dhaifu una nakala moja ya kipande cha herufi za DNA kama 31,000; wenye kinga ya PI 88788, aina moja ya soya, una nakala takribani 10; ule wa Peking, aina nyingine ya soya, una 3, lakini huhitaji pia jeni Rhg4 iliyo kromosomu 8. Alama isiyotofautisha aina hizi mbili za Rhg1 itakupitishia mimea yenye nusu ya kinga.

Katika F2, mmea 1 kati ya 16 ndio hubeba jeni zote mbili kwa aleli safi, yaani nakala ya baba na ya mama zote zikiwa za kinga. Kuwa na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja kunahitaji mimea 47. Panda zaidi, kwa sababu si zote zitaota. Ukiongeza jeni ya tatu, hesabu hupanda hadi 191.

Sampuli ya kusomea DNA ikatwe kwenye kotiledoni, upande ulio mbali na kiinitete, ili mbegu iweze kuota baadaye. Menya ngozi kwanza! Ngozi ya mbegu ni mwili wa mama, na katika mbegu ya F2 mama ni F1 mwenye aleli zote mbili, hivyo mbegu safi itasomeka kama chotara. Kila sahani ya maabara iwe na wazazi wote wawili, F1, na visima vya maji matupu. Kipimo hutoa mwanga kinapokuta DNA; maji yakitoa mwanga, kuna uchafu, na sahani nzima irudiwe.

Tazameni pia umbali. Alama ikiwa sentimorgani 5 kutoka kwenye jeni (sentimorgani 1 ni kama uwezekano wa asilimia 1 wa alama na jeni kutengana katika kizazi kimoja), katika kila mimea 100 ya F2 inayoonekana safi, karibu 10 haina jeni hiyo kutoka upande mmoja au zote mbili. Weka alama mbili, moja kila upande wa jeni, nawe utawanasa karibu wote.

Mavuno ni habari nyingine: jeni nyingi, kila moja na mchango mdogo, kwa hiyo hukadiriwa kwa alama zote pamoja, na makadirio huharibika laini mpya zikiwa si za ukoo wa zile zilizofunza hesabu.

Laini zilizopita maabara hupandwa kwenye vyungu vyenye nematodi hai wa shamba husika. Baada ya siku kama 30, majike yaliyoshika mizizini huhesabiwa. Yakiwa chini ya asilimia 10 ya yale ya mmea dhaifu wa kulinganishia, laini ina kinga. Yakizidi wakati alama zote ni sahihi, badilisha chanzo cha kinga: nematodi wa maeneo mengi wameshaizoea PI 88788.