Mteja Akirudisha Kikombe: Cha Kufanya, Hatua kwa Hatua

Karibuni tena. Leo tuko nyuma ya kaunta. Mteja amechukua kapuchino yake, amepiga fundo moja, na sasa huyo anarudi na kikombe mkononi. Nitakuonyesha cha kufanya tangu anapofika kaunta mpaka anapopata kingine. Nitakuonyesha pia cha kufanya kwenye kinu cha kusagia kahawa na mashine, kwa sababu mabarista (watengeneza kahawa) wengi hubadilisha kikombe tu, halafu wanaofuata kwenye foleni wanapewa kahawa ile ile mbovu.

Kwanza, pokea kikombe. Weka chini ulichoshika, mtazame, mwambie: "Pole sana, nakutengenezea kingine sasa hivi." Basi. Usimweleze kwamba kahawa hii imekaangwa kidogo ili ladha ya matunda isikike. Huenda ni kweli kabisa, lakini hakuja darasani. Na usionje kikombe chake mbele yake huku umekunja uso kama hakimu.

Pili, uliza swali moja, na liwe jepesi kujibu: "Imekuwa na uchachu, ina uchungu, au imepoa?" Ukimuuliza "Tatizo ni nini?" atakujibu "Sijui, si nzuri tu," na hapo mmekwama wote wawili. Akishajibu, mwambie atasubiri dakika chache, mwonyeshe pa kukaa.

Sasa njoo kwenye mashine. Maziwa huficha mengi, kwa hiyo onja espreso yenyewe, ile kahawa nzito inayotiwa maziwa kuwa kapuchino. Sogea uone mizani hii. Pima unga wa kahawa gramu 18 ndani ya kishikio, yaani kichujio chenye mpini kinachopachikwa kwenye mashine, sawazisha, shindilia ukiwa umenyoosha kifundo cha mkono ili unga usilale upande. Weka kikombe juu ya mizani, bonyeza, anza kuhesabu muda. Wengi tunaanzia hapa: gramu 18 za unga zitoe gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30.

Tazama hii. Sekunde 17, na gramu 36 zimeshafika. Imetiririka mbio, rangi imepauka mapema. Koroga, chota kwa kijiko, onja: inachachua kama ndimu, na ladha inaisha kabla hujameza. Maji yamepita haraka mno, hayakupata nafasi ya kubeba utamu. Dawa yake ni kusaga laini zaidi. Geuza kinu kidogo tu, huku kinazunguka ili meno yake yasikwame. Kisha saga unga kidogo uumwage, maana uliobaki ndani ni wa kipimo cha zamani. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ukiiruka unaonja jibu la swali la jana.

Ingekuwa kinyume, yaani imechukua sekunde 40, inadondoka tone tone, inaacha uchungu mkavu kooni, ungesaga kubwa zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa kinu na kipimo cha unga kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Na kama muda uko sawa lakini uchungu upo? Usikimbilie kinu. Chomoa kishikio, pitisha kitambaa cheupe pale maji yanapotokea. Kikitoka cheusi chenye mafuta, umempata mwizi: mafuta ya kahawa yaliyogandia na kuchacha. Safisha kwa dawa ya mashine, suuza vizuri, onja tena. Pia angalia joto la maji. Kwa kawaida liwe kati ya nyuzi 90 na 96.

Espreso imekaa sawa. Twende kwenye maziwa. Mimina maziwa baridi kwenye jagi safi. Yale yaliyobaki kwenye jagi la oda iliyopita, mwaga. Yakipashwa mara ya pili hayatoi povu zuri, na mteja ataonja. Fungulia mvuke kidogo utoe maji yaliyokaa kwenye mrija. Sasa zamisha ncha kidogo tu chini ya uso wa maziwa. Unasikia mlio huo, kama karatasi inachanwa polepole? Hewa inaingia. Jagi likianza kuwa vuguvugu mkononi, inua jagi ncha izame, maziwa yazunguke, mapovu makubwa yamezwe. Zima kwenye nyuzi 60 hadi 65. Yakipita 70 utamu unapungua na yanaanza kunuka ya kuchemka. Mteja aliyesema imepoa usimchemshie maziwa. Pasha kikombe kwa maji ya moto kwanza, mara nyingi tatizo linaishia hapo. Akisisitiza anataka ya moto sana, mpe. Ni kinywaji chake.

Futa mrija kwa kitambaa chake maalumu, fungulia mvuke tena mara moja, mimina.

Kikombe kipya mpelekee mwenyewe, usimwite aje kaunta mara ya tatu. Mwambie kwa ufupi ulichorekebisha: "Nimesaga laini zaidi, uchachu utakuwa umepungua." Kisha ondoka. Usimsimamie akinywa, atasema ni nzuri ili uende zako. Pita baadaye ukikusanya vyombo, umuulize. Kama bado hapendi na wewe umeonja ukajua iko sawa, basi aina ile si yake. Mpe nyingine iliyokaangwa zaidi, bila kubishana.

Andika kipimo kipya cha kusaga kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kinu, pamoja na saa, ili anayepokea zamu asianze upya. Halafu tazama risiti za oda zilizotoka kabla ya kikombe kile. Zote zimesagwa kwa kipimo kile kile kibaya. Nenda kwenye meza hizo, uliza kabla hawajainuka.