Kilichotolewa kwenye vibao vya miaka ya 80

Asanteni, tukae. Nimeombwa nizungumzie nyimbo ninazozipenda za miaka ya 80, nami najua kitakachofuata: nusu ya ukumbi itaninunia kwa sababu kibao chao sikukitaja. Basi niseme mapema, kumi bora sina. Nina nyimbo tatu tu, na nimezichagua kwa sababu moja. Kila mmoja ulinoga kwa sababu ya kitu ambacho hakimo.

Mkumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka 1983 Yamaha walitoa kinanda cha DX7. Kukipanga upya sauti zake kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa, kwa hiyo wapigaji wengi walitumia zilezile zilizotoka nacho kiwandani. Ndiyo maana nyimbo lukuki za mapenzi za wakati ule zina ileile piano inayolia kama vikengele vya kioo. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Wote walinunua kinanda kimoja! Mashine za ngoma nazo zilikuwa zimeingia studio. Na binadamu akipata vyombo vipya, hutaka kuvipiga vyote kwa mpigo. Nyimbo nyingi za muongo ule zimejaa hadi pumzi hakuna, na leo ukizisikiliza zinachosha. Zipo hata ninazozipenda kati ya hizo, lakini siyo za leo.

Tuanze London, na albamu iliyotoka mwaka 1980. Mwimbaji Peter Gabriel anairekodi, na ametoa sharti la ajabu: hataki matoazi. Hebu mfikirieni mpiga ngoma asiye na matoazi, mkono mmoja unabaki unatafuta kazi. Aliyekuwa amekaa kwenye ngoma ni Phil Collins, na kwenye mitambo yupo Hugh Padgham. Mle chumbani kulikuwa na kipaza sauti ambacho hakikuwa cha kurekodia kabisa. Kazi yake ilikuwa kuwawezesha wanamuziki kuzungumza na fundi, na kiliunganishwa na kifaa kinachobana sauti kwa nguvu ili hata mnong'ono usikike. Kikafunguliwa Collins akiwa anapiga. Ngoma zikatoka nene ajabu. Wakaongeza kifaa cha kuukata mwangwi, ukawa unavuma halafu unazimika ghafla, kama mlango umefungwa. Na nafasi ya mwangwi huo ilipatikana kwa sababu matoazi hayakuwepo kuijaza.

Mwaka uliofuata Collins akautumia mlio huo kwenye "In the Air Tonight". Mnajua alichofanya? Aliuficha. Kwa zaidi ya dakika tatu na nusu unasikia kimashine kinagonga polepole, kinanda, na mtu anayeimba kama ana kinyongo. Ngoma kubwa hazipo. Unasubiri hujui unasubiri nini, halafu... Haya, nawaona mmeshaanza kupiga hewani.

Wa pili ni "When Doves Cry" wa Prince, mwaka 1984. Besi ilikuwamo, naye akaitoa. Wimbo wa kuchezeka bila besi! Mwambie mtayarishaji yeyote kitu hicho, atakuuliza kama umelala vizuri. Lakini sikilizeni: mashine ya ngoma inabaki mifupa mitupu, na sauti ya Prince haina pa kuegemea. Wimbo unahusu mapenzi yanayovunjika na mtu anayejiona akifanana na wazazi wake. Huo upweke besi ingeutuliza. Ulikaa namba moja Marekani kwa wiki tano.

Wa tatu nitauchelewesha kidogo, maana huu mtoaji hakuwa mwanamuziki. Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley, tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, yeye mwenyewe akiwa gerezani. Stevie Wonder yuko tayari kupanda jukwaani, mara inagundulika kwamba diski ya kinanda chake cha kompyuta, yenye sauti zote za onyesho lake, haionekani. Akaondoka. Pengo hilo lazima lizibwe, dunia inatazama kwenye televisheni. Akarudishwa Tracy Chapman, ambaye alikuwa ameshaimba na kumaliza zamu yake, kwa sababu yeye hakuhitaji kuunganishiwa mitambo. Gitaa, kipaza sauti, basi. Akaimba "Fast Car".

Baada ya siku ile wimbo ulipanda chati pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa kantri, aliurudia, na akaimba hata pale msimuliaji anapojitaja kuwa ni msichana wa kaunta, bila kugeuza neno.

Haya, maswali. Mama wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja matoazi.