Jiwe mkononi: kuifundisha Menengai kwa kila mtoto

KAMAU: Hamjambo, wasikilizaji wetu. Ni Kamau hapa Nakuru, niko na dadangu Akinyi, na leo amekuja na mfuko wa mawe.

AKINYI: Mwalimu, fumba macho nikupe moja.

KAMAU: Haya. Jepesi ajabu. Lina vitundu, linakwaruza. Si ndilo hili la kusugulia visigino?

AKINYI: Ndilo. Ni lava iliyojaa gesi. Ilipolipuka na kupoa, gesi ikatoroka, vitundu vikabaki. Shika hili la pili, taratibu, ukingo wake unakata.

KAMAU: Laini, baridi, zito kuliko lile. Obsidiani?

AKINYI: Obsidiani, kioo cha volkeno. Watu wa kale wa Bonde la Ufa walilichongea vifaa vya kukatia. Sasa ona, umeyatambua yote mawili bila kuyatazama. Jiolojia, elimu ya miamba, huanza mkononi, lakini sisi tunaifundisha kana kwamba macho ndiyo mlango wake wa pekee, na ndiyo maana darasa likienda ziara, mtoto asiyeona huambiwa abaki kwenye basi. Hilo linanikera sana.

KAMAU: Lakini Menengai yenyewe, kreta ya volkeno hapa juu ya mji wetu, utaigusaje? Shimo la kilomita kama 12 kwa 8!

AKINYI: Kwa kadibodi. Chukua ramani yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ufuatishe mstari wa kila mita 100, uukate kwenye kadibodi, kisha ubandike kipande juu ya kingine. Mji wa Nakuru uko kwenye mita 1,850 hivi, kilele cha Menengai mita 2,278. Hizo ni kadibodi nne tu, na katikati unaacha shimo. Nilimpa msichana mmoja asiyeona tulipokuwa pale ukingoni. Vidole vyake vikapanda kutoka mjini, ngazi kwa ngazi, vikafika juu, halafu ghafla vikatumbukia. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, paa lilienda wapi?"

KAMAU: Lo! Hilo swali!

AKINYI: Na ndilo lenyewe hasa. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyokuwa chini ilitoka katika milipuko mikubwa, mlima ukakosa cha kuushikilia, sehemu ya juu ikaporomoka ndani. Kwa hiyo paa bado lipo, limefukiwa na lava iliyomwagika baadaye. Wenzake walikuwa wanapiga picha, hakuna aliyewaza hivyo. Tangu siku hiyo kadibodi hupita kwa wote, wanaoona na wasioona.

KAMAU: Kuna watakaosema mtoto asiyeona ataishia kwenye somo tu, kazi ya utafiti hataiweza.

AKINYI: Wamsikie Geerat Vermeij. Mzaliwa wa Uholanzi, haoni tangu akiwa na miaka 3, akawa profesa Chuo Kikuu cha California, Davis. Anachunguza makombe ya konokono wa baharini, ya leo na ya mamilioni ya miaka iliyopita, kwa vidole. Anapapasa makovu pale kaa alipojaribu kulivunja kombe akashindwa, na kutokana na makovu hayo akaeleza jinsi wawindaji na wawindwao walivyozidi kujihami vizazi kwa vizazi.

KAMAU: Basi tuwaguse viziwi pia, maana hapo shida ni nyingine.

AKINYI: Nyingine kabisa. Kiongozi wa ziara huwapa watu mgongo, anaelekeza kidole kretani na huku anaongea. "Pale, mnaona pale?" Asiyeona hajui pale ni wapi. Kiziwi naye hawezi kumtazama mkalimani wa lugha ya ishara na kreta kwa wakati mmoja. Ongea kwanza, mkalimani amalize, ndipo uonyeshe, unyamaze, watazame. Na mkalimani apewe maneno ya somo siku kadhaa mapema, asikutane na "magma" hapo kwenye upepo. Katiba yetu ya 2010 inaitaka Serikali ikuze lugha ya ishara ya Kenya. Mwalimu aanze na hilo dogo.

KAMAU: Na nikuambie, hata sisi tunaosikia na kuona tumenyimwa maelezo. Unakumbuka Machi 2018, ufa ulipokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok? Habari zikazagaa dunia nzima kwamba Afrika inapasuka leo leo.

AKINYI: Bonde la Ufa linapanuka kweli, lakini ni milimita chache kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walisema wazi kwamba ni mvua kubwa iliyosomba majivu laini ya volkeno, ikafukua mtaro. Maelezo hayo yalikuja yakiwa yamechelewa, tena kwa Kiingereza kigumu. Mama mwenye shamba pale alihitaji kujua ajenge wapi.

KAMAU: Na anayetumia kiti cha magurudumu?

AKINYI: Huwa natangulia kuikagua njia. Kiti kisipofika, nahamisha somo zima, simhamishi mtoto mmoja. Mara nyingi pale barabara ilipokata kilima panatosha: tabaka za majivu ziko wima mbele yako, unazifikia ukiwa umeketi. Naegesha basi mbali na magari, natoa chupa ya maji, wanalowesha tabaka moja moja na kusikia kwa vidole ipi inanyonya na ipi inateleza.