Siwa, Kombe na Watoto wa Kwaya

Assalaam alaykum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni.

Siwa, baragumu kubwa la sherehe, sote twaijua: ya Lamu ya shaba, ya Pate ya pembe ya ndovu. Zamani ikilia, mji ulijua kuna harusi ya wakubwa. Lakini shaba ni shaba tu. Heshima yake wameitia watu.

Sasa twende kwenye kisiwa cha William Golding, katika Lord of the Flies, riwaya ya mwaka 1954. Ndege imeanguka wakati wa vita, waliosalia ni wavulana wa Kiingereza peke yao. Ralph apuliza kombe la baharini, wenzake waja mbio. Wakapatana: mwenye kombe mkononi ndiye msemaji. Baraza hasa, ila halina mzee.

Baadaye Jack, mpinzani wa Ralph, asema kombe halina kazi upande ule wa kisiwa. Mimi hapo ndipo mwili husisimka, kuliko hata pale jabali linapomuua Piggy, mwenzao mwenye miwani, na kombe likavunjika vipande vipande. Siku ile lilivunjika ganda tu.

Miwani ya Piggy ndiyo inayowasha moto wao, kwa hiyo yaibwa. (Golding aliteleza: Piggy haoni mbali, na kioo cha asiyeona mbali hutawanya jua. Moto ungewaka kwa miwani ya babu, ile ya kusomea.)

Tusifichane. Hapa kwetu muungwana alikaa nyumba ya mawe, na mshenzi alikuwa mtu wa bara. Jack naye ajigamba kwamba wao si washenzi, ni Waingereza. Mwaisikia sauti hiyo? Na ni huyo huyo, kiongozi wa kwaya, anayeshika mkuki.

Nina ugomvi na mwandishi, lakini. Ushenzi auchora kwa nyuso zilizopakwa rangi, kana kwamba umeazimwa kwa watu wengine. Yeye mwenyewe alipigana katika jeshi la majini la Uingereza, na mwaka 1944 alikuwapo vitani Normandy, pwani ya Ufaransa. Alijua kwamba sare iliyopigwa pasi nayo huua.

Pengine ndiyo maana akamalizia vile. Moto uliowashwa ili Ralph atoke mafichoni auawe ndio unaoleta waokozi. Afisa wa majini asimama ufukoni, watoto walia mbele yake. Aona haya, ageuza uso, na macho yake yatua kwenye manowari yake inayomngoja.

Haya, nani ana swali? Anyooshe mkono, kombe hatuna.