Meza ya London, meza ya Washington

Asanteni. Mmeniomba nizungumzie neno moja la Kiingereza cha vikao linalowasumbua wafasiri, nami nimechagua linaloonekana jepesi kuliko yote: table. Si meza ya kulia wali. Ni kitenzi, to table.

Niwaambie lilivyoniumbua. Nilikuwa nafasiri habari ya Washington: maseneta wamepiga kura ya "to table" marekebisho ya muswada. Nikaandika mbio mbio, "Maseneta wamewasilisha marekebisho mezani." Mhariri akasoma, akavua miwani. "Sasa mbona wanaoyapinga ndio wanaoshangilia?"

Sikuwa na jibu.

Kumbe Kiswahili changu cha bungeni kilikuwa kimetoka London. Kule, mbele ya Spika, ipo meza hasa, makatibu wameikalia, siwa imelazwa juu yake. Hati ikifika pale imeingia kwenye shughuli. Ndiyo maana hata Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge letu la Dodoma, huandika kwamba hati "ziliwasilishwa Mezani". (Neno meza lenyewe tulilipata kwa Wareno, lakini hayo tuyaache.)

Wamarekani wameligeuza. Kwao hati ikilazwa mezani, imelala. Katika Baraza la Wawakilishi hoja ya namna hiyo haijadiliwi: wanapiga kura, wingi wa kawaida unatosha, jambo limezikwa.

Churchill anasimulia kisa hiki katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili. Maofisa wa pande mbili wamekutana Washington, 1941 ikiisha na 1942 ikianza. Waingereza wana waraka wa dharura, wanataka "to table it". Kwa Wamarekani, hiyo ni kuutia kwenye droo na kuusahau. Wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote wanataka kitu kile kile. Na hao lugha ni ya mama zao!

Tufasirije basi? Ya London, "kuwasilisha" inatosha. Ya Washington, wapo wanaopenda "kuweka kiporo", na kwa mwongozo wa vikao wa Henry Robert, uliotoka 1876, hawajakosea: hoja inawekwa kando ili irudiwe baadaye. Lakini kiporo huliwa, jamani. Kinacholazwa mezani kwenye Bunge la Marekani kwa kawaida hakirudi, kwa hiyo siku hizi mimi naandika tu "wameitupa hoja bila mjadala".

Haya, naona mkono kule nyuma.